Kutoka Muundi hadi Tasbihi: Kazi ya Mfupa Kibera na Kongo

Kila Idi kubwa inapopita, mifupa ndiyo ya mwisho kuondoka majumbani mwetu. Nyama imekwisha kugawiwa kwa jamaa, majirani na maskini, ngozi imekwisha kuchukuliwa, supu ya mwisho imenywewa, na mama wa nyumba hubaki na ndoo ya mifupa asijue aipeleke wapi. Paka huchukua fungu lao, na jaa huchukua lililobaki. Sisi wa pwani tumezoea kuuona mfupa kuwa ni mwisho wa chakula. Huko Nairobi, katika vibanda vya Kibera na katika vichochoro vya Kawangware, mfupa huo huo ni mwanzo wa kazi. Baadhi ya tasbihi tunazozivuta baada ya sala, vifungo vya nguo za watoto wetu na hereni za binti zetu zimetoka kwenye muundi wa ng'ombe aliyechinjiwa bara.

Tumeona wiki hii tuizungumze kazi hiyo kwa kirefu, kwa kuwa vitu vyake vimeshaingia ndani mwetu bila ya sisi kuuliza vimetengenezwaje, ni twahara au ni najisi, na ni nani aliyelipa gharama ambayo haikuandikwa kwenye bei.

Kwanza tuwajue wenyeji. Kibera si mahali pageni kwa Waislamu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ndio walioishi hapo mwanzo wa karne ya 20, na jina lenyewe latokana na neno lao Kibra, yaani msitu. Misikiti ya Makina ina umri kuliko majengo mengi ya jiji. Ardhi yao waliidai kwa miaka mingi, hata mwezi wa Juni 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Kawangware nayo iko magharibi ya hapo, njiani kuelekea Dagoretti, na ndani yake kuna pande ziitwazo Kongo. Msomaji asidhani tumevuka mpaka: Kongo hii ni kituo cha matatu na mtaa wa watu wanaojitafutia riziki, wenye maduka, vioski na karakana za mafundi wa kila namna. Dagoretti ndiko kwenye machinjio yanayolisha sehemu kubwa ya Nairobi. Panapochinjwa ng'ombe wengi kila siku, mifupa huwa mzigo. Ikiachwa hunuka, huvuta mbwa na nzi, na maji ya mvua huiburura hadi mitoni. Fundi anayekuja na gunia lake akainunua, huwa ameondoa taka na amepata malighafi kwa wakati mmoja.

UKUTA WA FITO NDANI YA MGUU WA NG'OMBE

Ili tuielewe kazi ya fundi, hatuna budi kujua mfupa ni kitu gani. Na hapa sisi wa pwani tuna mfano ulio karibu kuliko mwalimu yeyote wa sayansi: nyumba ya udongo. Fito zikisimama peke yake hupinda kwa upepo. Udongo ukisimama peke yake hupasuka ukikauka. Fito zikifungwa kwa kamba kisha zikakandikwa udongo, tunapata ukuta unaowaona wajukuu. Fito huzuia udongo usiachane, na udongo huzuia fito zisipinde. Kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenziwe.

Mfupa umeumbwa kwa mtindo huo huo. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno za utomvu wa mwili uitwao kolajeni, ambazo ni kama robo ya uzito wake. Na zimezungukwa na madini ya chokaa na fosfeti, ambayo ni kama asilimia 65. Sehemu iliyobaki, karibu asilimia 10, ni maji. Wataalamu wa vifaa huviita vitu vya namna hii viunganishi vyenye nyuzi, na kundi hilo ni kubwa: mbao ni mmojawapo, shina la mnazi ni mmojawapo, na faibaglasi inayotengenezewa boti na matangi ya maji ni ndugu yao wa kiwandani, ambaye fito zake ni nyuzi za kioo na udongo wake ni gundi ngumu iitwayo resini.

Mama anayetaka kuwaonyesha watoto jambo hili jikoni anaweza. Achukue mfupa wa paja la kuku uliosafishwa, autie ndani ya chupa ya siki, auache siku kadhaa huku akibadilisha siki mara moja au mbili. Siki huyeyusha madini, zikabaki nyuzi peke yake, na mfupa utapindika kama mpira bila ya kuvunjika. Achukue mfupa mwingine autie motoni mpaka uwe mweupe kama chaki. Moto umekula nyuzi, yamebaki madini. Umbo ni lile lile, lakini ukiubonyeza kwa vidole unakuwa unga. Watoto watakaofanya jambo hili hawatahitaji kuambiwa mara ya pili kwa nini mfupa wa mwili wao unahitaji maziwa, dagaa na mboga.

Jambo jingine la kujua ni kwamba nyuzi hizo hazikulala ovyo. Katika mfupa mrefu wa mguu, nyingi zimeelekea juu na chini, kufuata urefu wa mguu, kwa kuwa huko ndiko uzito wa mnyama unakopita. Kwa hiyo mfupa ni mgumu mno kuukata kwa kuukingama, na ni mwepesi kuupasua kwa urefu, kama ukuni. Fundi wa mifupa na fundi wa majahazi wanaijua siri moja hapa, ingawa mmoja yuko bara na mwenziwe yuko ufuoni. Hakuna seremala wa jahazi anayepiga msumari kwenye ubao kabla ya kutoboa kwa kekee. Akithubutu, ubao utapasuka kufuata nyuzi zake, na bahari haisamehe ufa.

KUTOBOA NDIKO KWENYE MTIHANI

Mifupa ikifika karakanani huchemshwa kwanza, saa nyingi, ili nyama, uboho na mafuta yatoke. Fundi mvivu wa kuchemsha hujulikana baadaye, kwa kuwa mafuta yaliyobaki hutoka polepole na kuacha madoa ya manjano kwenye bidhaa, na siku za joto hutoa harufu. Baada ya hapo vichwa vya mfupa, ambavyo ndani yake vina matundu kama sifongo, hukatwa kwa msumeno na kutupwa kando. Linalotakiwa ni bomba la katikati, lililo zito na lisilo na vishimo. Hilo hubanwa kwenye jiriwa, hupasuliwa vipande, vipande vikawa vijiti, na vijiti vikakatwa vikawa punje. Kila punje hupigwa tupa, kisha msasa mkavu, kisha msasa laini.

Halafu ndipo linapokuja tundu. Msomaji anaweza kudhani kutoboa ni jambo dogo, na kwenye mbao laini ni dogo kweli. Kwenye punje ya mfupa yenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, kazi yote iliyotangulia huweza kupotea hapo kwa nukta moja.

Hatari ya kwanza ni joto. Chuma huchukua joto na kulisambaza, mfupa haulisambazi. Hukaa nalo pale pale penye ncha ya kekee. Ncha ikiwa butu, au fundi akiikandamiza kwa nguvu bila ya kuitoa, unga wa mfupa hujaa ndani ya tundu, msuguano huongezeka, na mara husikika harufu ya nywele zilizoungua. Harufu hiyo ni ya kolajeni inayoungua. Kingo za tundu hugeuka kahawia na kuwa dhaifu, na uzi wa tasbihi utakapopita hapo kila siku, siku moja punje itamong'onyoka. Dawa yake mafundi waijua: ncha kali, mkono mwepesi, kutoa kekee mara kwa mara ili unga umwagike, na tone la maji. Ni kanuni ile ile waifuatayo madaktari wa upasuaji wanapotoboa mfupa wa binadamu ili kutia skrubu. Wao humwagia maji ya chumvi wakitoboa, kwa kuwa watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa ulio hai huanza kudhurika ukikaa kwenye joto la digrii 47 za sentigredi kwa dakika 1 tu. Hilo ni joto la maji ya kuoga yaliyozidi kidogo. Ndugu yetu aliyevunjika mguu akatiwa chuma, chuma hicho hushika au hulegea kwa sababu kama hizi.

Hatari ya pili ni kutokea upande wa pili. Ncha ya kekee inapokaribia kutoka, tabaka jembamba lililobaki mbele yake halina kitu cha kuliegemea. Badala ya kukatwa, husukumwa, nyuzi zikaachana, na tundu likatoka na mdomo uliovunjika. Mafundi huliepuka jambo hili kwa njia mbili. Ama huweka kipande cha mbao nyuma ya kazi, ili lile tabaka la mwisho lipate la kuliegemea. Ama hutoboa nusu upande huu na nusu upande ule, matundu yakutane katikati. Njia ya pili inataka jicho. Matundu yasipokutana sawasawa, punje hukaa mshazari kwenye uzi. Ukiona tasbihi ambayo kila punje imekaa wima na kuzunguka bila ya kukwama, jua kwamba umeshika kazi ya mtu mwenye subira.

Hayo yakiisha, punje hutiwa dawa ya kuzing'arisha au hupakwa nta kwa michoro kisha hutiwa rangi nyeusi au ya kahawia. Penye nta rangi haingii, na michoro hubaki myeupe. Ndizo zile shanga za Kenya za nukta na mistari ambazo wageni huzipenda sana. Mwisho huzungushwa kwenye gurudumu la kitambaa mpaka zing'ae. Wengine huzichanganya na shaba iliyoyeyushwa kutoka mabomba ya zamani na makufuli mabovu, na tunakiri kwamba mchanganyiko huo ni mzuri kuliko vidani vingi vya plastiki vinavyoletwa kwa makontena.

Wale wanaofanya kazi ya faibaglasi, iwe ni sehemu za mwili wa matatu huko Nairobi au boti za uvuvi na utalii huku kwetu, hupambana na maadui hao hao kwa sura nyingine. Kioo hula ncha ya chuma upesi. Kekee iliyotoboa mbao mwaka mzima huweza kuwa butu kwa matundu machache. Ndiyo maana viwanda vikubwa hutumia ncha zilizofunikwa kwa almasi au za kabaidi. Tabaka za faibaglasi zikisukumwa na ncha butu huachana, na kuachana kwenyewe hakuonekani kwa nje. Boti ikitiwa majini, maji hupenya kwenye kingo za tundu lililoachwa wazi, husafiri kati ya tabaka, na baada ya misimu kadhaa sakafu huwa laini chini ya mguu. Fundi mzuri huziba kingo za kila tundu kwa resini kabla ya kutia bolti. Anayenunua boti, na amfunge fundi kwa sharti hilo, kwa kuwa bahati ya mvuvi na watoto wake imo humo. Hata ndege kubwa zinazowachukua mahujaji siku hizi zimo katika hesabu hii: Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwezi wa Aprili 2014, nusu ya uzito wake ni vifaa vya nyuzi na resini, na matundu yake hukaguliwa kwa vyombo kwa sababu macho hayatoshi.

JE, NI TWAHARA?

Suala hili ndilo litakalowashughulisha zaidi wasomaji wetu, na tunalieleza kama lilivyo vitabuni. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mnyama anayeliwa akichinjwa kisharia, viungo vyake vyote ni twahara, na mfupa wake umo. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa kinyume cha sharia, mfupa wake ni najisi kama nyama yake. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wanaona mfupa wa mzoga ni twahara ukiwa hauna mafuta yaliyobaki, isipokuwa wa nguruwe, kwa hoja kwamba uhai haukupita ndani yake. Hitilafu hiyo ni ya zamani na wanachuoni wameiheshimu. Kwa Mshafi, hata hivyo, jambo si dogo, kwa kuwa mwenye kusali hali amebeba najisi mwilini au mfukoni, sala yake imo mashakani.

Kwa desturi ya miaka mingi, machinjio makubwa ya ng'ombe nchini Kenya huwatumia wachinjaji Waislamu ili nyama imfae kila mnunuzi, na hilo hutupa utulivu wa moyo kiasi chake. Lakini mfupa hauna muhuri kama nyama. Gunia likiokotwa jaani, ndani yake huweza kuwamo mfupa wa punda au wa ng'ombe aliyekufa na ukame. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wa mwenye duka la vitabu na tasbihi kumuuliza fundi mifupa yake huitoa wapi, na si wajibu wa bibi kizee anayenunua mlangoni mwa msikiti. Fundi anayenunua machinjioni huweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja. Asiyeweza kulijibu, tusimdhanie ubaya, ila tusinunue kwake cha kusalia.

Limo na suala la pembe ya ndovu. Pwani yetu ilikuwa mlango wa pembe kwa karne nyingi, na siwa ya Pate, pembe kubwa yenye urefu wa zaidi ya mita 2 iliyochongwa kwa ndovu na ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Lamu, inaonyesha mikono ya mababu zetu ilifika wapi. Mlango huo umefungwa. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na mwezi wa Julai 1989 Rais Moi akazichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kukataza biashara yake duniani. Tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani nyingine 105 hapo hapo. Mfupa wa ng'ombe ukashika nafasi iliyoachwa wazi, na hapana ndovu anayekufa kwa ajili yake. Kwa Mshafi kuna na faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kwa kuwa ndovu haliwi, pembe yake kwetu ilikuwa najisi toka hapo. Mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa ni bora kwa tasbihi kuliko kile kilichokuwa kikiringiwa na matajiri.

Anayesafiri na vitu vya mfupa kwenda Oman, Dubai au Ulaya, na abebe risiti ya duka. Maafisa wa uwanja wa ndege huzuia chochote kinachofanana na pembe. Tofauti zake zaonekana kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vidoto na mikwaruzo midogo myeusi, ambayo ni njia za mishipa ya damu ya mnyama, na pembe ya ndovu ina mistari iliyokingamana kama wavu.

VUMBI

Tuje sasa kwenye lile lililotufanya tuandike. Katika karakana nyingi za namna hii, mashine ya kukata na ya kusugua hukaa katika chumba kimoja na watu wanaofanya kazi nyingine. Wanawake wengi hufanya kazi ya kusugua, kupanga na kutunga, kwa kuwa inataka vidole vyepesi. Mara nyingi mtoto yuko mgongoni au amelala kwenye kanga pembeni. Vumbi la mfupa ni jeupe na laini kama unga wa ngano, na hewa ya kibanda cha mabati huwa nalo mchana kutwa. Chembe kubwa hushuka sakafuni. Zile ndogo zisizoonekana ndizo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, na mapafu ya mtoto mchanga ni madogo na hupumua mara nyingi zaidi kuliko ya mama yake.

Vumbi hilo huleta kikohozi kisichoisha, mafua, macho mekundu na kubanwa na kifua kwa mwenye pumu. Mfupa mbichi una hatari yake nyingine: mnyama aliyekufa na kimeta huacha vijidudu vinavyoweza kuishi ndani ya mfupa na ngozi kwa miaka mingi, na kuchemsha kwa kawaida hakutoshi kuviua vyote. Hapa sharia ya dini na kanuni ya afya zinakutana mahali pamoja. Mfupa wa mzoga uliookotwa, ambao fiqhi ya Shafi inautilia najisi, ndio huo huo ambao daktari wa mifugo hataki uguswe. Mfupa uliopita mikononi mwa mkaguzi wa nyama ni salama zaidi kwa kila hali.

Faibaglasi nayo vumbi lake ni vipande vya kioo. Huchoma ngozi na kuwasha usiku kucha; aliyewahi kulala na nguo iliyoguswa nalo anajua. Mume akirudi kutoka karakanani, nguo zake zisifuliwe pamoja na nepi za mtoto, wala zisikung'utwe ndani. Aoge kwa maji ya baridi kwanza, kwa kuwa ya moto huweza kuzidisha mwasho, halafu ndipo amchukue mwanawe.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inagusa kila mahali pa kazi, kibanda na kiwanda, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila ya kumkata mfanyakazi. Kwenye vibanda ambako mwajiri na mwajiriwa ni mtu mmoja au ni mume na mke, ni vigumu sheria kumbana mtu. Hapo yabaki mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya mwenyewe. Kulowesha ndilo kubwa: mfupa ukikatwa na kusuguliwa ukiwa umelowa, vumbi huwa tope, na tope halipepei. Mashine ikae karibu na mlango, upepo ukitoka nyuma ya fundi kwenda nje, wala usimpige usoni. Sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji, isifagiliwe kavu. Leso iliyofungwa puani, ambayo wengi huitegemea, huzuia chembe kubwa tu. Barakoa ya mafundi inayoshika vizuri pembeni mwa pua ndiyo inayofaa, na ibadilishwe ikichafuka. Mtoto asiwepo kabisa. Tunajua neno hili la mwisho ni rahisi kuliandika kuliko kulitenda kwa mama asiye na wa kumwachia mtoto, na kwa sababu hiyo vikundi vilivyokubaliana kumlipa mama mmoja awatunze watoto wa wote, mbali na mashine, vinastahili kuigwa.

Mnunuzi naye ana mkono humu. Sisi wa pwani tuna sifa ya kupatana bei mpaka muuzaji achoke, na huona fahari tukipunguziwa. Tasbihi ya punje 99 ina matundu 99, na kila tundu limetobolewa kwa mkono. Inapouzwa kwa bei ya chai na mahamri, kuna kitu ambacho hakikununuliwa: ni maji, ni barakoa, ni saa za kuchemsha, au ni ncha mpya ya kekee. Tunawaomba wenye maduka ya Mombasa, Malindi na Lamu wanaoagiza kwa jumla wamuulize fundi hata hilo, kama wanavyouliza rangi na ukubwa.

KUITUNZA ILIYOMO NYUMBANI

Wengi wanazo tayari, basi tuseme namna ya kuzitunza. Kujua kama ni mfupa kweli au ni plastiki, igusishe shavuni: mfupa huwa baridi na mzito kidogo, plastiki ina joto la chumba na ni nyepesi. Sindano iliyopashwa moto huzama kwenye plastiki na kutoa moshi wa mpira, na kwenye mfupa haizami. Lakini jaribu hilo ndani ya tundu, pasipoonekana, ili usiiharibu.

Mfupa hunywa maji kama ubao mkavu. Usiiache ndani ya beseni la kutawadhia, wala usiivae mkononi ukifua. Ikilowa kisha ikaanikwa juani, nyuzi zilizovimba hunywea kwa haraka kuliko madini yanavyoweza kufuata, na ufa mwembamba hutokea kutoka kwenye tundu kwenda nje. Ikipata jasho, ipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, iache kivulini. Mara moja kwa miezi michache ipake tone la mafuta ya nazi, uisugue, uyafute yaliyozidi. Mafuta mengi huipa umanjano. Marashi ya kupulizia yenye spiriti huitoa rangi ile ya michoro, basi jipulizie kwanza na uivae baadaye. Uzi wake ubadilishwe unapoanza kutoa manyoya, na fundi wa kuutunga apatikana karibu kila soko. Mwambie atie fundo dogo baina ya punje, ili siku ukikatika usizitafute zote 99 chini ya mkeka.